Shangazi hakuonekana pichani

Ndugu msikilizaji, tulipomzika shangazi yangu huko Nyakahura, wilayani Biharamulo, tulitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza. Nyumbani kwake ilipatikana moja tu ya maana, ile aliyopiga studio mwaka 2008 siku ya mahafali ya mwanawe. Binamu yangu aliipeleka mjini ikakuzwa na kuwekwa kwenye fremu nzuri ya dhahabu. Ilipoletwa tuliona gauni jeupe lililopigwa pasi, pazia la buluu lenye maua, na katikati ya hivyo viwili pakiwa na giza lenye macho mawili.

Mjukuu wake wa miaka sita alisimama mbele ya ile fremu akauliza, "Bibi yuko wapi?" Mama yake akamwonyesha kwa kidole, "Si huyo hapo." Mtoto akatazama tena, akasema, "Hilo ni gauni."

Hakuna aliyemkemea. Sote tulikuwa tumeona alichokiona.

Studio iliyopiga picha ile sitaitaja, kwa kuwa ilifungwa zamani na mwenye nayo hakuwa mtu mbaya. Alifanya kama walivyofanya wengi, na wengine bado wanafanya hivyo hadi leo: flashi moja juu ya kichwa cha kamera, mteja ameegemezwa kwenye pazia, tabasamu, chwa! basi. Nimeona niseme juu ya jambo hili wiki hii, ingawa najua wapo watakaosema mwandishi amekosa habari. Wilaya zetu za Ngara na Biharamulo zina mambo mengi makubwa ya kuzungumzwa. Lakini mtu akifa, jambo kubwa kwa watu wake ni kwamba uso wake wameubakiza au wameupoteza.

Nini hasa kilichotokea mwaka 2008? Kamera za siku hizi, na za wakati ule pia, hujipimia zenyewe mwanga wa flashi unaorudi kutoka kwa mtu. Shangazi alivaa nyeupe tupu. Kamera ikaona weupe mwingi, ikadhani mwanga umetosha, ikaikata flashi mapema. Gauni likatoka vizuri. Uso wa mama mweusi wa Kisubi, aliyelima juani miaka hamsini, ukanyimwa haki yake. Tena kwa kuwa mwanga ulitoka pale pale ilipo kamera, haukuacha kivuli kwenye pua wala shavu, na sura isiyo na kivuli haina umbo. Kivuli chote kilikwenda kujibandika kwenye pazia nyuma yake, kama mtu wa pili.

Wapo wanaosema vifaa hivi havikutengenezwa kwa ajili yetu, na hawasemi uongo. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilikuwa ikipeleka kwenye maabara za kusafishia picha kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Mafundi waliziita kadi hizo "Shirley", kwa jina la mwanamke wa kwanza kupigwa. Rangi za ngozi yake ndizo zilizokuwa kipimo cha kurekebishia mashine dunia nzima, na kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea baadaye sana, kwenye miaka ya 1990. Picha nyingi za rangi za wazazi wetu zimepita kwenye kipimo hicho.

Hata hivyo tusikimbilie kulaumu Wazungu kwa kila giza. Seydou Keïta wa Bamako, Mali, alikuwa akipiga watu weusi mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950, mara nyingi uani kwa mwanga wa jua tu, na nyuso zile zinatazamwa leo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Hapa kwetu, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio pale Unguja mwaka 1930, na kazi zake zinaonyesha mtu aliyejua taa ikae wapi. Watu hawa hawakuwa na kompyuta. Walikuwa na subira.

Nirudi Ngara. Walio na umri wangu wanakumbuka mwishoni mwa Aprili 1994, wakati watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa kama siku moja. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Benako, mahali tulipopita bila kupatazama, pakageuka mji wa turubai. Katika msafara ule, na ile mingine iliyokwenda Zaire ya wakati huo, watoto wapatao 100,000 walipotezana na wazazi wao. Wengine walikuwa wadogo mno hata kutaja majina ya baba zao. Mashirika, wakiwamo Msalaba Mwekundu na UNICEF, yakaanza kuwapiga picha watoto, mmoja mmoja, na namba ya kila mmoja kifuani, kisha picha zikabandikwa kwenye mbao ili watu wapite wakitazama.

Mtoto asiyejua jina la kijiji chake alikuwa na kitu kimoja tu cha kumtambulisha, nacho ni uso. Fikiri sasa, ndugu msikilizaji, kama uso ule ungetoka kama wa shangazi yangu.

Baada ya msiba nikawa na shauku ya kujua kama kuna anayefanya vizuri zaidi. Nikaelekezwa kwa kijana mmoja Ngara mjini, mwenye chumba kimoja cha studio nyuma ya duka la vifaa vya shule. Nikafika saa kumi jioni. "Shikamoo, kaka," akaniamkia, akanipa kigoda, akaendelea na kazi. Ana flashi tatu za kusimama kwenye stendi, zile za kuchomeka ukutani. Alizinunua moja moja, mbili kati yake zikiwa zimeshatumika, na hiyo ilimchukua miaka minne.

Nilidhani kwamba mwenye taa tatu huziwasha zote tatu, akapiga. La hasha. Kwanza alizima zote. Akawasha moja, akasema, "Hii ndiyo kuu. Kama hii haijakaa vizuri, hizo nyingine zinaongeza makosa tu." Akaiweka upande wa kushoto wa kamera, kati ya mbele na ubavu wa mteja, juu kidogo ya kichwa ikiinamia chini, kama jua la saa tatu asubuhi. Mbele yake akafunga boksi la kitambaa cheupe, kubwa kama dirisha.

Nikamuuliza kwa nini taa ya bei kubwa ifunikwe kitambaa. Akanieleza jambo ambalo katika masomo yangu yote ya stashahada ya uandishi wa habari, pamoja na kipindi cha picha, sikulisikia. Ngozi nyeusi huonekana kwa mng'ao wake. Ukiimulika kwa taa ndogo kali, mng'ao unakuwa vitone vidogo vyeupe kwenye paji na pua, kama mafuta yaliyomwagika, na kwingine kote giza. Ukiimulika kwa mwanga mpana uliotoka ubavuni, mng'ao unatandaa taratibu kwenye shavu na taya, na hapo sura inajichora yenyewe. Kumbe hatuhitaji kupigwa na mwanga mwingi zaidi hadi macho yaume. Tunachohitaji ni mwanga mpana zaidi.

Ikaja taa ya pili, upande wa kulia, nayo akaielekeza kwenye mwavuli mweupe ili mwanga urudi ukiwa umepoa. Nguvu yake akaipunguza hadi kama theluthi ya ile ya kwanza. Kazi yake ni kukifungua kivuli bila kukiua. Wengi huweka taa mbili za nguvu sawa kulia na kushoto, wakidhani ndiyo haki, na mteja anatoka amebapa kama chapati. (Picha yangu ya kitambulisho cha kazi ni hivyo hivyo, na nimeivaa shingoni miaka saba.) Asiye na taa ya pili, alisema kijana, anaweza kusimamisha kipande cha karatasi nyeupe ya manila au shuka upande ule wenye kivuli, likarudisha mwanga. Yeye mwenyewe alifanya hivyo miaka miwili.

Taa ya tatu aliiweka nyuma ya mteja, juu pembeni, kamera isiione, ikilenga nywele na bega. Hii ndiyo inayomtenga mtu na pazia. Mhitimu mwenye joho jeusi mbele ya pazia jeusi, bila taa hii, ni kichwa kinachoelea. Lakini kwa mzee mwenye upara huizima kabisa, la sivyo, alisema akicheka, "Kichwa chake kitawaka kuliko balbu."

Kuna suala la umbali, na hapa ndipo nilipoona kwamba kazi hii ni hesabu. Ukiisogeza taa kutoka mita moja hadi mita mbili mbali na mtu, mwanga unaomfikia haubaki nusu. Unabaki robo. Ndiyo maana katika picha ya familia, yule aliye karibu na taa hutoka kama mzuka na aliye mwisho wa mstari hutoka kama kivuli. Dawa yake ni kuirudisha taa nyuma na kuiongezea nguvu, ili tofauti ya umbali kati ya wa kwanza na wa mwisho iwe ndogo. Na mteja asiegemee pazia, asogee mbele angalau hatua mbili, kivuli chake kikaangukie sakafuni.

Kamera inawaamuru wote watatu kwa kifaa kidogo cha redio kilichokaa juu yake. Wasio nacho hutumia flashi zenye jicho, moja ikiwaka nyingine zinaitikia papo hapo. Spidi ya shata haizidishwi. Yeye huiacha kwenye sehemu moja ya 125 ya sekunde, kwani ukienda kasi sana mlango wa kamera unaanza kufunga flashi ikiwa bado inawaka, na picha inatoka na utepe mweusi.

Umeme ni adui wa kila siku. Kwa miaka mingi miji ya Ngara na Biharamulo iliendeshwa na mitambo ya dizeli, na sasa Rusumo ile ile waliyovuka wakimbizi ina mtambo wa maji wa megawati 80 unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Lakini waya wa mtaani una tabia zake. Umeme ukipungua nguvu, flashi huchelewa kujaa, na fundi asiyesubiri taa ya ishara hupiga picha mbili, moja nzuri na moja ya giza, asijue kwa nini. Tena vijana mnaopenda kufungua vitu, hizi msizifungue. Ndani mna kapasita inayohifadhi umeme wa volti mia kadhaa hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Inaua.

Nilipokuwa pale aliingia mama wa makamo na binti yake aliyemaliza chuo cha uuguzi. Kijana akampa mama kitambaa safi afute jasho usoni, akamketisha, akaishusha taa kuu kidogo kwa kuwa mama alikuwa na macho ya ndani na nyusi zilikuwa zikiyatia kivuli. Akapiga mbili. Akamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta.

Hapa lazima niseme lisilopendeza. Mafundi wengi siku hizi hawahangaiki na taa. Wanapiga hivyo hivyo, kisha wanaingia kwenye kompyuta na kumwagia uso weupe, hadi mama wa Biharamulo anafanana na mtu wa unga. Nasi wateja tunalipia na kushukuru. Mimi mwenyewe mwaka 2015 nilipigwa picha ya harusi ya ndugu yangu nikatoka mweupe kuliko bwana harusi, nikaitundika sebuleni. Giza la shangazi na weupe wangu ule vimetoka studio moja, yaani kwenye uvivu wa kuisogeza taa.

Yule mama aliitazama picha kimya kwa muda. Rangi ilikuwa yake, ya kahawia nzito yenye wekundu kidogo shavuni. Juu ya nyusi ya kushoto kulikuwa na kovu, nalo lilionekana wazi.

"Mama, nikitoe hicho kikovu?" kijana akauliza. "Ni dakika moja."

"Kiache, mwanangu. Wajukuu watanijuaje?"

Kijana akabonyeza kuchapisha, na hapo hapo umeme ukakatika. Tukatoka nje wote wanne, tukakaa kwenye benchi la duka la jirani. Mama akafungua kikapu, akatugawia ndizi mbivu, tukaanza kusubiri.