Mzigo wa Mwindaji: Mazungumzo na Watumiaji wa Bidhaa, Kamunyonge, Musoma

 

Tulipoombwa kuja Kamunyonge kuzungumzia vifaa vya safari za uwindaji wa miguu, baadhi yetu tulidhani tumekosea njia. Kata hii inanusa dagaa, si nyasi za nyika. Lakini mkoa wa Mara una nyuso mbili: uso mmoja unatazama Ziwa Victoria, wa pili unatazama Serengeti, na Waikoma, Wanata na Waikizu waliwinda huko kwa upinde na mishale vizazi kwa vizazi. Wanunuzi wa mabegi, viatu na mahema ya safari hizo huja kufanya manunuzi yao hapa mjini. Kwa hiyo hatukukosea njia.

Tuseme jambo moja mapema. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, inamtaka mwindaji awe na leseni, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti hakuna uwindaji wa namna yoyote. Mwenye kuingia porini na nyaya za mitego hatuna ushauri wa kumpa. Tunazungumza na mwenye kibali mkononi, ambaye atatembea siku mbili au tatu akiwa na nyumba yake mgongoni.

Mtu huyo, akiingia dukani, neno la kwanza atakaloambiwa ni “chepesi”. Begi ni jepesi, hema ni jepesi, kila kitu ni chepesi. Nasi tunamwomba aulize swali moja tu: ni kilo ngapi? Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na hakuna fundi awezaye kuipunguza. Lita nne ni kilo nne. Bunduki ya kuwindia hukaribia kilo nne. Hizo ni kilo nane kabla hujaweka unga, dagaa, sufuria wala blanketi. Wapagazi wa Kilimanjaro, watu waliozoea kazi hiyo, wamewekewa kikomo cha kilo 20. Mwindaji asiyefanya kazi ya upagazi, naye ana kilo 70 za mwili wake, asivuke 15. Zimebaki saba. Huko ndiko uchaguzi wenu ulipo, si kwingine.

Uzito ulioandikwa kwenye lebo mara nyingi ni wa hema peke yake, bila mambo zake, kamba wala mfuko. Muuzaji hakudanganya kwa kinywa, lebo imenyamaza tu. Mjini hapa hampungukiwi mizani. Pale mwalo wa Mwigobero samaki hupimwa kila siku kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Ombeni kwa adabu mpimiwe begi lenu lililofungashwa. Watu watacheka siku ya kwanza.

Sasa tuje kwenye viatu, ambako wepesi na hatari hukaa nyumba moja. Mmoja wetu alinunua buti za mtumba katika mnada wa mji ambao hatutautaja. Zilikuwa nyepesi, safi, na soli yake haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Alizisifu njia nzima, akatuchosha. Siku ya pili, tukiwa mwendo wa nusu siku kutoka gari lilipoachwa, soli ya kulia ilianza kumeguka kama mkate uliolowa chai, na kabla ya adhuhuri ya kushoto ikafuata. Tulifunga mabaki kwa kamba ya hema. Mwiba wa mgunga ukapita kwenye kamba ukaingia kisiginoni. Kurudi garini kulituchukua siku nzima badala ya nusu, na maji yalikwisha saa tisa alasiri. Aliyetuokoa ni mwenzetu aliyekuwa amebeba katambuga za tairi kwa ajili ya kambini, jozi tuliyomcheka asubuhi ile kwa kuwa ni nzito.

Baadaye tulielewa. Soli nyingi nyepesi hutengenezwa kwa povu la poliurethani, na povu hilo huliwa na unyevu wa hewa taratibu, hata kiatu kikiwa kimekaa kabatini bila kuvaliwa. Buti ya mtumba yenye soli isiyochakaa yaweza kuwa imekaa hivyo miaka kumi. Basi usitazame uchakavu, tazama uzee. Bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha. Ikiacha shimo lisilorudi, au ikitoa ungaunga, irudishe juu ya turubai la muuzaji. Kisha ikunje kwa nguvu. Muuzaji akikuzuia kuikunja, umekwisha kupata jibu lako. Na buti iliyofaulu majaribio hayo ivae kwa wiki mbili hapa hapa mjini kabla ya kuiamini porini.

Begi nalo lina mtihani wake. Mkanda wa kiunoni ndio unaohamisha mzigo kutoka mabegani kwenda nyongani. Begi jepesi lisilo na mkanda huo ni zito kuliko begi zito lililo nao. Vuta mishono ya mabega. Funga na kufungua vifungo mara ishirini, muuzaji akikutazama. Halafu angalia rangi. Mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi, ndiyo maana vitambaa vya mitego yao hutengenezwa kwa rangi hizo, na mdudu huyo hueneza malale. Begi la buluu iliyokoza ni mwaliko unaoubeba mgongoni. Chagueni rangi ya udongo au ya majani makavu.

Lakini rangi ya majani isiwe ya mabaka ya kijeshi. Katika mitumba itokayo ng'ambo zimo jaketi nyingi za wawindaji wa huko, nyepesi, imara, zenye madoadoa. Kwao ni vazi la kawaida. Kwetu, raia hana ruhusa ya kuvaa vazi linalofanana na sare za jeshi, na Jeshi la Wananchi limeonya mara kadhaa, ikiwamo mwaka 2023. Fedha uliyotoa haitarudi, na huenda ukajieleza mahali ambapo hukupanga kufika.

Kuna kifaa kimoja ambacho wepesi wake ni ushahidi wa udanganyifu, nacho ni betri. Tochi nyingi za kichwani hutumia betri ya kuchaji yenye namba 18650, maana yake milimita 18 kwa unene na 65 kwa urefu. Mtaani utaziona zimeandikwa mAh 9,900. Hakuna betri ya ukubwa huo inayohifadhi kiasi hicho. Zilizo bora hukaribia 3,500. Betri halisi ina uzito wa takriban gramu 45 hadi 50. Ile ya bandia mara nyingi ni nyepesi mno, kwa kuwa ndani hamna cha kutosha. Mkoa huu wa dhahabu hauna uhaba wa mizani za gramu. Iombe ya jirani. Na tochi hiyo ni ya kambini na ya dharura, kwani kuwinda kwa mwanga wa taa ni kosa kisheria.

Kuhusu mvua hatuna mengi: mimina kikombe cha maji juu ya mshono wa hema, si katikati ya kitambaa, kisha subiri. Chandarua kina uzito wa takriban nusu kilo. Kisiachwe.

Mwisho ni karatasi. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji kwa sauti unachokwenda kukifanya: “Nataka kiatu cha kutembea siku tatu porini.” Ukimweleza hivyo na ukategemea ujuzi wake, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka akupe kitu kinachofaa kwa kazi hiyo. Ukiwa na shahidi, vema zaidi. Dai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa, si neno “mchanganyiko”. Bidhaa ya bandia, au maelezo ya kupotosha, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, ukiwa na risiti, picha ya lebo na kifaa chenyewe. Mwenzetu wa buti hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Soli alizitupa njiani.

Mizani mbili ziko juu ya meza ile, moja ya kuning'iniza na moja ya gramu. Waliokuja na mabegi yao na betri zao wapange mstari, wazee watangulie.