Kapita, mshahara na kazi

Wasikilizaji wa Kabambare na Kasongo, tuongee kidogo juu ya kazi na wanaoisimamia. Tuanzie nyuma. Kuanzia 1917 Wabelgiji waliwalazimisha wazee wetu kulima pamba hapa Maniema. Pamba ilitoka, ndiyo, lakini kwa kiboko na jela, na bei hawakuipanga wao. Kapita, yaani msimamizi, akigeuka tu, jembe linalala.

Sasa tuje karibu. Mgodi wa dhahabu wa Namoya, pale Salamabila, ulianza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016, ukasimama Septemba 2019 kwa ukosefu wa usalama. Kapita mwema peke yake hafungui barabara iliyofungwa kwa bunduki. Tena tuwe wakweli: penye baruti na sianidi, amri lazima ifuatwe, bila ubishi. Lakini mfanyakazi anayelipwa kwa tarehe yake, aliyeelezwa sababu ya amri, ndiye anayekimbia kusema pampu imeanza kuvuja. Aliyetukanwa asubuhi ananyamaza, na hasara inakuwa ya wote.

Je, wasimamizi wetu wanahesabu gramu za dhahabu tu, au wanahesabu pia yale ambayo wafanyakazi wameacha kuwaambia?