Gari lipo, mafuta hayapo

Tutazame jambo moja: gari la mtu binafsi.

Hapa Cibitoke, kaskazini mwa Bujumbura, gari lilikuwa fahari ya ukoo mzima. Toyota kuukuu iliyoshushwa bandarini Dar es Salaam, usukani ukiwa kulia ingawa sisi twapita mkono wa kulia, ndiyo iliyomkimbiza mama mjamzito hospitali usiku wa manane. Jirani hawezi kuisahau.

Leo gari hilo limelala uani. Burundi inakosa fedha za kigeni za kununulia mafuta. Wenye haraka wamekuwa wakivuka mpaka hadi Uvira, nchini Kongo, wakiwa na vibidoni.

Sasa, wapo wasemao: tuachane na magari binafsi, tununue mabasi. Lita zilezile hubeba watu wengi, na hapo nakubaliana nao. Lakini tukumbuke pia: basi nalo hupanga foleni ya mafuta, na Machi 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli zilizuiwa kuingia katikati ya mji. Mfanyakazi akabaki na miguu yake.

Swali ni hili: mafuta machache yakifika, nani ajaziwe kwanza?