Koti la Mjane



Katika majira yangu ya kwanza ya baridi hapa Minnesota, mama mmoja mjane wa usharika wetu, mwenyeji wa hapa, alinijia baada ya ibada amekumbatia koti zito la marehemu mumewe, akaniambia nilichukue. Nami, niliyevaa sweta moja huku meno yakigongana, nilimshukuru kwa taadhima nikasema ninalo jingine nyumbani. Sikuwa nalo. Akalikunja taratibu, akalirudisha katika mfuko wa karatasi, nami nikaondoka nikijidhania muungwana.

Nani kati yetu hakutumwa utotoni kurudisha bakuli la jirani, akakatazwa kulipeleka tupu, ijapokuwa kilichopatikana ni ndizi mbili? Ni desturi njema, lakini ughaibuni imetuponza, kwa kuwa kila hisani twaiona deni la kulipwa kabla ya Jumapili, na asiye na cha kulipia hujificha nyuma ya "asante, nimetosheka". Nami nathubutu kusema kwamba hiyo si haya, ni takabari iliyovaa kanzu ya haya.

Mtume Paulo, ambaye mji huu wa St. Paul umepewa jina lake, alikuwa mshona mahema, na mbele ya Wakorintho alijisifu kwamba hakuwalemea kwa masurufu. Lakini huyo huyo, alipokuwa kifungoni, alipokea hiba aliyoletewa na Epafrodito kutoka Filipi, wala haikuwa mara ya kwanza, kwani hata alipokuwa Thesalonike walikwisha kumpelekea. Hakuahidi kuwalipa yeye mwenyewe, aliihesabu kuwa sadaka iliyomfikia Mungu. Angaliirudisha, angaliwanyima Wafilipi ibada yao, na Epafrodito, aliyeugua akawa karibu na kufa kwa ajili ya utumishi ule, angaliugua bure.

Na hapa kwetu pia, Dayosisi ya Kilutheri ya Iringa, Tanzania, na sinodi ya hapa ziliuita ushirika wao Bega kwa Bega, jina linipendezalo, maana mabega hulingana kimo, ilhali mkono wa mtoaji hudhaniwa uko juu daima.

Kwaresima ya mwaka ule nilikwenda kwa yule mama nikamwomba koti. Hakuniuliza lile jingine limekwenda wapi. Kifungo cha pili kilikuwa kimelegea, akaketi akikikaza kwa uzi wa buluu, kwani mweusi ulikuwa umemwishia, huku akinisimulia jinsi mumewe alivyozoea kukivutavuta kila alipongoja basi. Nami nikasimama nikimsikiliza, mikono mitupu.