Mimbari na Bahasha

Msikilizaji, Novemba 2024 Kanisa Katoliki jijini Nairobi lilifanya jambo ambalo wanasiasa wetu hawajalizoea: lilikataa pesa. Rais William Ruto alikuwa amesali Jumapili katika kanisa la Soweto, akatoa shilingi 600,000 kwa kwaya na watoto wa utume, milioni 2 za nyumba ya padri, na ahadi ya milioni 3 nyingine pamoja na basi la parokia. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza zilizotolewa zirudishwe, na zilizoahidiwa akazikataa. Siku chache kabla ya hapo maaskofu walikuwa wameikosoa serikali hadharani. Ukosoaji ule ungebaki na uzito gani kama bahasha ingepokelewa?

Wapo wanaosema dini ibaki msikitini na kanisani, siasa iachiwe wenyewe. Na kweli Ibara ya 8 ya Katiba inatamka kwamba Kenya haina dini ya taifa. Lakini hiyo haina maana kwamba muumini afunge mdomo. Mwaka 1988 chama tawala cha KANU kilipowapanga wapiga kura mlolongo nyuma ya wagombea, chama kingine hakikuruhusiwa kisheria, na kusema ovyo kulimpeleka mtu kizuizini. Waliosema ni kina Henry Okullu, David Gitari na Alexander Muge, maaskofu wa Kianglikana. Hoja yao ilikuwa ya kawaida kabisa: mchungaji akionekana na kijiji kizima amesimama nyuma ya huyu, atamhudumia vipi aliyesimama nyuma ya yule? Mwishoni mwa 1990 KANU ikauacha mlolongo. Wala sauti ya viongozi wa dini si amri. Mwaka 2010 makanisa mengi yalipinga rasimu ya Katiba, pamoja na kifungu cha mahakama za kadhi, na bado wananchi wakaipitisha kwa takriban asilimia 67. Viongozi hao walisikilizwa, wakapimwa, wakashindwa kwa kura.

Pingamizi la pesa ni gumu zaidi. Paa linavuja, madrasa haina madawati, na mwanasiasa naye ni muumini. Sadaka yake ina kosa gani? Haina, ikitumbukia kapuni kimya kimya kama ya mama mboga. Ikitangazwa kwa kipaza sauti mbele ya kamera, hiyo ni kampeni, na kanisa limegeuzwa uwanja. Na kipaza sauti kinaweza kuzuiwa: Septemba 2021, huko Butere, Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubia ibadani, na ibada haikuharibika. Kwa hiyo nawaomba wazee wa kanisa na kamati za misikiti: mchango wowote wa mwenye cheo uandikwe, usomwe mbele ya waumini kama michango mingine, na aliyeutoa asipewe kipaza sauti.