Bendi Huru na Msikilizaji wa Pwani ya Kusini

Bendi huru, yaani kundi la wanamuziki linalorekodi na kusambaza kazi zake bila mkataba na kampuni ya kurekodi, haimfikii kwa urahisi msikilizaji wa Shimoni, kwenye pwani ya kusini ya Kenya, ingawa huenda inapiga Diani, mwendo usiozidi saa chache barabarani. Zamani njia ilijulikana: Mbwana Radio Service, duka la Mombasa lililorekodi taarabu na kuiuza kwa kanda, liliwafikisha waimbaji wa pwani majumbani, ilhali hoteli za kitalii ndizo zilizokuwa ukumbi wa Them Mushrooms, bendi iliyotoa “Jambo Bwana” mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hata hivyo, hoteli humtaka mwanamuziki arudie kila usiku nyimbo ambazo mgeni amekwisha kuzizoea, kwa hiyo utunzi mpya hukosa nafasi pale pale penye malipo.

Leo wimbo mpya hupakiwa kwenye intaneti siku ile ile unapokamilika, lakini programu za kusikilizia muziki hutanguliza unaosikilizwa na wengi, na kijana anayechanganya gitaa na sengenya, ngoma ya Wadigo yenye nzumari na upatu, huzama chini ya orodha. Hapo redio ya mtaa ina wajibu mkubwa kuliko unavyodhaniwa: kupiga wimbo mzima, kisha kutaja jina la bendi, la mtunzi na la kijiji chao, kwa kuwa msikilizaji asiyelisikia jina hana namna rahisi ya kuutafuta wimbo huo tena.