Simu za Upepo za Mkononi: Umbali wa Kwenye Boksi na Umbali wa Shambani



Kila chama chenye ghala mbali na ofisi, au chenye mashua ziendazo majini, hufika siku kikajiuliza kama hakingefaa kununua simu za upepo. Muuzaji huweka boksi mezani mbele ya kamati. Juu yake pameandikwa maili 35, yaani kilomita 56. Kituo cha ununuzi kiko kilomita 12 tu, kwa hiyo hesabu huonekana nyepesi, na fedha za wanachama hutolewa. Msimu unapofunguliwa, karani wa mizani huita na kuita asijibiwe na mtu.

Si kwamba boksi limesema uongo mtupu. Mawimbi ya simu hizi husafiri karibu moja kwa moja, kama mwanga wa tochi, nayo dunia ni mviringo. Mtu asimamapo tambarare, simu ikiwa kimo cha mita 1.5, mawimbi yake hufikia upeo wa kilomita 5 hivi. Mwenzake naye ana kilomita 5 zake. Basi wawili hao, katika uwanda usio na mti wala nyumba, wana kikomo cha kilomita 10. Lakini aliye juu ya kilima cha mita 300 ana upeo wa kilomita 70. Hapo ndipo hesabu ya boksi ilipotoka: kilele kwa kilele, hali ya hewa ikiwa safi. Ni nani kati ya wanachama anayepima mazao yake kileleni?

Katikati ya migomba, miembe na nyumba, kilomita 2 au 3 ni matokeo ya kuridhisha. Mjini, penye majengo ya zege, huenda isifike hata kilomita 1. Simu ya mkononi iliyotumiwa na askari wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili, iliyotengenezwa Chicago na kampuni ambayo baadaye iliitwa Motorola, ilikuwa na uzito wa kilo 2.3 na ilifika maili 1 hivi nchi kavu na maili 3 juu ya maji. Tangu hapo vyombo vimekuwa vyepesi mno na sauti imekuwa safi, lakini vilima havijahama.

Mteremko wa Kilimanjaro waonyesha jambo hili vizuri. Aliye tambarare za Kahe aweza kuzungumza na aliye juu mteremkoni, mahali pa wazi, kwa kilomita 20 na zaidi. Ilhali majirani wawili waliotengwa na mgongo mmoja wa mlima, kilomita 2 tu, wasisikiane kabisa.

Wengine hudhani dawa ni kununua simu yenye nguvu zaidi. Nguvu ikiongezwa mara nne, umbali mahali peupe huongezeka mara mbili tu, na mgongo wa mlima haupenyeki vivyo hivyo. Kinachofaa ni kimo. Eriali ikisimikwa ofisini juu ya mlingoti wa mita 10, upeo wake peke yake huwa kilomita 13. Na mwenye simu mkononi asiifunge kiunoni anapozungumza, kwa maana mwili humeza mawimbi; aishike wima karibu na uso, tena atoke nje ya ghala la mabati.

Kwa vyama vya wavuvi kosa la umbali si hasara ya fedha tu. Nahodha aliyeambiwa kilomita 50 hutoka akiamini kwamba pwani inamsikia, kumbe alikwisha kutoka nje ya upeo kabla ya kutupa nyavu. Mashua yahitaji simu ya baharini, yenye chaneli ya 16 (megaherzi 156.8) iliyotengwa kwa wito wa hatari, na yafaa ijulikane kwa hakika ni nani aliye nchi kavu anayeisikiliza.

Kwa hiyo simu mbili ziazimwe kabla ya malipo. Mmoja abaki ofisini, mwingine apande baiskeli afike kila kituo, kila ghala, kila kona ya shamba, akiandika daftarini: amesikika vema, amesikika nusu, hakusikika. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kulijibu swali la kamati.

Kazi ambayo simu hizi huifanya vizuri ni ya karibu: kupakia malori uani, walinzi wa usiku kuitana, mizani kuulizana na ghala. Hazihitaji mnara wala vocha, na mmoja akisema wote husikia. Ndiyo maana habari za fedha za malipo zisitajwe humo kamwe, kwani asiye mwanachama naye husikia. Kwa safari ya mbali, mahali penye mtandao, simu ya kawaida ni bora.

Leseni ya masafa huombwa Mamlaka ya Mawasiliano, Tanzania na Kenya vilevile. Simu kuweza kushika chaneli nyingi si ruhusa ya kuzitumia. Baadhi ni za polisi na za vyombo vya majini. Kila simu iandikwe katika daftari la mali pamoja na jina la aliyekabidhiwa, na betri ya akiba ikae ofisini ikiwa imejazwa umeme, hasa wiki za ununuzi.